Foleni ya Kompyuta ya Pamoja

Binti wa fundi cherehani alituma hesabu zake asubuhi, mara tu chumba cha kompyuta kilipofunguliwa. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, na alitaka kujua kama molekuli aliyoibuni ingeweza kunasa madini ya risasi kwenye maji ya kunywa. Bila jibu hilo hahitimu. Kompyuta yenye ubavu wa kazi hiyo ilikuwa moja tu, mali ya vyuo kadhaa kwa pamoja, na kazi zilipanga foleni. Yake ilikuwa karibu na mbele. Akakaa kungoja.

Chuo kikubwa kuliko vingine ndicho kilichochangia zaidi kuinunua, kwa hiyo kazi zao zilipita mbele. Siku hiyo ziliingia nyingi. Kabla jua halijawa kali, binti alikuwa ameota mvi. Baadaye akawa anausogeza uso kwenye kioo cha kompyuta ndipo asome. Msimamizi wa chumba alimletea kiti chenye mgongo, akamweleza kuwa mwenzake wa mwaka jana alitoka pale hana hata jino.

“Lakini alifaulu,” akaongeza.

Mhadhiri wake alipita, akamwamkia kwa adabu, akasema ameshawaandikia wahusika. Huwaandikia kila mwaka.

Alasiri mama yake alikuja kumchukua, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Alimtazama, kisha akainama kidogo.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” binti akajibu, maana hakuna jibu jingine.

Mama akauliza kama inauma. Haiumi, binti alisema, ni magoti tu, na kusahau alichokuwa anangojea. Mama akamkumbusha kuwa ni maji.

“Ehee. Maji.”

Hatimaye zamu yake ikafika. Simu ikalia. Msimamizi aliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, akabonyeza kitufe, na kazi ya binti ikarudi mkiani. Profesa wa chuo kikubwa ana mkutano, alieleza.

Binti akasema haya.

Mama akatoa kwenye mkoba wake gauni alilomshonea kwa ajili ya mahafali, akampima nalo. Mabega yalikuwa yamepwaya. Akambandika pini palepale, taratibu, naye binti amesimama kanyoosha mikono.

“Sikati kitambaa,” mama alisema. “Nakunja tu. Kesho tutapunguza tena.”