Laini, Laini, Laini

Mjomba wangu huiuliza ardhi kabla ya kumtajia mteja bei. Kila hatua tano husimama, huudondosha mtaimbo, husikiliza kwa viganja jinsi chuma kinavyotetemeka, kisha huandika kwenye daftari: laini, kokoto, au mwamba. Maneno matatu, bei tatu kwa mita. Mimi nilimbandika jina la Daktari wa Udongo, na likamganda hadi mkewe akawa anamwita hivyo.

Siku tulipoitwa kupima mtaro wa bomba la maji kwenye shule ya watoto wadogo, alikuwa na homa.

"Mpwa, nenda wewe. Mita tisini. Kila hatua tano, usiruke hata moja."

"Daktari, mgonjwa gani anadungwa sindano zote hizo?"

"Nenda huko, domokaya!"

Jua lilikuwa linachoma. Kando ya ukuta kulikuwa na kivuli, nami nikapimia humohumo kivulini, hatua mbili kutoka mahali mtaro ulipotakiwa kupita. Mtaimbo ulizama kama kijiko kwenye uji. Nikaandika laini, laini, laini, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Mjomba akampa mwalimu mkuu bei ya udongo laini, wakashikana mikono.

Siku ya pili ya kuchimba, sululu zikaanza kutoa cheche. Mwamba, karibu mtaro mzima. Fundi bomba wa shule akaja kuchungulia, akacheka.

"Laini ni kule ukutani, lilikopita bomba la zamani. Palishachimbwa pakafukiwa. Nani alipima hapa?"

Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mjomba alinitazama miguu.

"Mjomba, twende kwa mwalimu mkuu tumweleze. Ataongeza."

"Nimeshampa mkono."

"Mkono si muhuri!"

"Wangu ni muhuri."

Vibarua aliwalipa bei ya mwamba. Fedha zilipokata akawaaga, akaingia mtaroni mwenyewe na nyundo, na miaka yake sitini na mbili. Siku kumi na moja. Mimi nilikuwa nyuma yake nazoa mawe, nasubiri anitukane. Angenitukana ningepona. Aliniuliza tu kama nimekula.

Maji yalifika shuleni. Vidole vya mjomba vikabaki na ganzi. Siku hizi mkewe ndiye humshikia kikombe.

Juzi tulienda kupima mtaro mwingine. Akaudondosha mtaimbo, akainamisha kichwa, akaudondosha tena.

"Mlio nausikia, mpwa. Ila haunipandi mkononi." Akanikabidhi. "Hebu niambie, ardhi inasemaje?"

Nikapima kila hatua moja. Mteja akauliza kama natafuta dhahabu. Jibu nilikuwa nalo, tena tamu, la kuwaangusha vibarua kwa kicheko. Nikalimeza. Nikagonga tena palepale, kisha nikaandika: kokoto.