Msiba Usio na Marehemu

Mimi ni fundi nguo, na fundi nguo hakati nywele kwa mkasi wa kitambaa. Dukani nimeshawafokea wasichana wawili kwa kosa hilo hilo. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, hapa Rissne, ughaibuni ninakoishi, nikachukua mkasi wangu ule mzuri, nikazikata nywele zangu mwenyewe.

Chanzo ni gauni. Hanna, mama mzee anayekaribia kutimiza miaka themanini, alilileta dukani kwetu Vällingby limefungwa ndani ya foronya. Lilikuwa la bibi yake, lilishonwa karibu miaka mia iliyopita: hariri nyeusi, halina mikono, kiuno kimeshushwa mpaka nyongani kana kwamba aliyelishona alichoka kuwabana wanawake, na chini lina matamvua ya shanga yanayoishia magotini. Nyuzi zilikuwa zimeoza. Hanna alitaka kulivaa siku yake ya kuzaliwa. Nilizirudisha zile shanga moja moja kwa wiki tatu, na sikumbuki kazi nyingine iliyonipa raha kiasi kile.

Ndani ya foronya mlikuwa na picha pia. Bibi ana miaka ishirini, miguu nje, sigara mkononi, nywele zimekatwa hadi masikioni. Hanna alinieleza kwamba baba mtu alipoziona nywele zile alikataa kukaa meza moja na bintiye majira yote ya baridi. Binti akawa anakula jikoni, peke yake.

"Hakujuta?" niliuliza.

"Alikuwa akisema supu ya jikoni ni ya moto zaidi," alijibu Hanna, akacheka.

Siku ya kupima pindo magoti yalimuuma, hakuweza kusimama. Akaniomba nilivae mimi, kwa kuwa miili yetu ni sawa. Nikalivaa. Lina uzito kwa zile shanga, na ukigeuka zinachelewa kidogo kukufuata. Kwenye kioo nilimwona mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye nywele zake hazijawahi kuwa zake. Utotoni mama alizisuka apendavyo. Hervé, mume wangu, alinichagulia mitindo. Hervé alipofariki zikanyolewa zote, kwa sababu ndivyo anavyofanywa mjane kwetu Butembo. Sikuulizwa hata mara moja.

Hiyo ndiyo sababu ya mkasi. Nilitaka ziishie masikioni. Lakini nywele zangu si za bibi yake Hanna: kila nilipopunguza kulia, kushoto kulibaki kurefu, nami nikasawazisha, nikasawazisha tena, mpaka zikabaki fupi kama za mtoto anayeanza darasa la kwanza. Nikajipenda. Nasema wazi, nilijipenda sana. Nikamtumia picha binti yangu Victoire, aliyeko Malmö, akajibu kwa lugha ya huku, "Mamma, så snygg!" yaani mama, umependeza, na moyo mmoja mwekundu. Kiswahili chetu mtoto yule anakielewa chote, ila kukiandika anaona uvivu. Huo ndio urefu wa mazungumzo yetu siku hizi.

Jumapili nikaenda kanisani bila kilemba.

Najua unachotaka kusema. Mtu wa kwetu angejua kwamba mwanamke hukata nywele akifiwa, na mimi ni mtu wa kwetu. Furaha ilinipofusha. Mama Brigitha, kiongozi wa akina mama, aliniona mlangoni, Biblia ikamponyoka.

"Yesu! Mama Victoire! Ni nani?"

Nilifungua kinywa nimwambie hakuna. Lakini alikuwa ameshanikumbatia kwa nguvu zake zote, na mimi sikuwa nimekumbatiwa na mtu tangu Victoire alipopanda treni ya kurudi Malmö mwezi wa nane. Nikanyamaza. Akadhani kunyamaza kwangu ni uchungu.

Hapa lazima nieleze habari za Hervé. Alikufa mwaka wa korona. Mama Brigitha alininyoa jikoni kwangu, barakoa usoni, akaondoka bila hata kunywa maji. Watu walinililia kwenye simu. Hakuna aliyelala sakafuni kwangu, hakuna aliyechemsha chai; matanga niliyakaa mimi na jokofu. Simlaumu mtu, ndivyo mambo yalivyokuwa. Ila ile njaa ya watu haikuwahi kuniisha.

Kwa hiyo saa tisa alasiri, kengele ya mlango ilipolia, nilifungua. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwangu wa mbali waliingia kwanza. Walikuja wa hapa Rissne, wakaja wa Fisksätra waliovuka jiji zima na mfuko wa mchele begani. Akina mama wakaliteka jiko. Noeline, Mganda ambaye siku zote tunasalimiana kwa kutikisa kichwa tu, akaosha vikombe vyangu vyote, hata visivyokuwa vichafu. Mtu akanitupia shali mabegani. Viatu vilijaa mlangoni. Nilivihesabu, jozi ishirini na tatu. Nyumba ilinukia vitunguu, na kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini kwa heshima yangu. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Niliketi kwenye zulia nikainamisha uso wasiione.

Nilijifariji kwamba uongo sijausema. Hakika sikuwa nimesema lolote. Kisha Mchungaji Zacharie akasimama.

"Ndugu zangu, mbele ya maombi. Mama Victoire, tuambie jina la marehemu, tumweke mikononi mwa Bwana."

Nina dada mmoja Butembo na shangazi mmoja Beni, wote wazima. Kumtaja mtu hai msibani ni kumchimbia kaburi, na hilo nisingelifanya hata nyumba yangu ingejaa watu mpaka mwisho wa dunia.

"Hakuna aliyekufa," nilisema. "Nilikata nywele tu."

"Juu ya nini?" aliuliza Mama Brigitha, akitaka sababu.

"Nilitaka."

Nikaeleza gauni, nikaeleza picha, nikaeleza mpaka supu ya jikoni, na kila nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuharibu. Noeline alifunika mdomo kwa kiganja. Nyuma mzee mmoja alisema kwa Kifaransa, "C'est pas vrai," yaani haiwezekani. Mama Brigitha akapiga magoti karibu yangu, akanisogelea sikioni. Ni mwema yule mama, sitamsema vibaya.

"Sikia, mama. Sema ni ya Hervé. Sema haukumaliza kumlilia. Tuko hapa, tutalala na wewe siku tatu, tumalize yote ile tulikosa. Mjane, watu watamwelewa."

Nilitazama viatu mlangoni. Siku tatu. Chai, nyimbo, mtu wa kulala ubavuni mwangu akikoroma. Nilitakiwa kuitikia kwa kichwa tu, hata neno halikuhitajika. Nilitaka. Nikainua mkono nikajipapasa kichwa, zile nywele fupi zikanichoma kiganja.

"Hervé nilimlilia," nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nilimlilia peke yangu, na nilimaliza. Hizi nilikata juu yangu mimi."

Mchungaji alifunga Biblia. Mtu alianza kusema kwamba mwanamke wa umri wangu, akaishia hapo hapo, maana wote walishajaza wenyewe. Wakaanza kutafuta viatu. Mama Brigitha aliondoka wa mwisho, bila kunikumbatia. Mchele hawakuuchukua, wala sukari: kilichopelekwa msibani hakirudi nyumbani, na kama msiba haukuwepo sijui sheria yake inasemaje, lakini hakuna aliyetaka kuijaribu. Mwenye shali peke yake ndiye aliyerudi kutoka kwenye lifti kuidai.

Nilikula jikoni, nimesimama. Sufuria ingetosha watu thelathini. Nilipokumbuka kupakua, wali ulikuwa umeshapoa. Ama bibi yake Hanna alikuwa mwongo, ama alikuwa na moyo kunishinda.

Jumanne Hanna alikuja kuchukua gauni lake. Aliponiona aliweka mkoba chini, akapiga makofi, akazunguka meza kwa magoti yake yale mabovu ili akione kisogo changu.

"Umependeza!" alisema. "Na watu wako je? Wamesemaje?"

Nilikuwa nakunja matamvua kuyaingiza kwenye foronya, taratibu, shanga zisije zikakatika tena.

"Walikuja wote nyumbani kuziona," nilimwambia.