Gundi ya Viatu kwenye Mto wa Mama Mkwe

Mwalimu wa chekechea alikuja karakanani kwangu na mfuko wa sponji na swali moja: anunue gundi gani? Watoto wake walikuwa wanatengeneza wanyama, na gundi aliyowapa ilikuwa imekula masikio ya sungura.

"Yameyeyuka, fundi. Nimeona kwa macho yangu."

Angetosheka na jibu la sentensi moja, ila mimi nikiulizwa habari za gundi huwa sina breki. Nikamkalisha kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, nikaanza. Gundi nyeupe ya maji ni ya karatasi na mbao. Ile ya kijiti, inayoyeyushwa kwa umeme, ni ya shanga na maua ya kitambaa. Lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni usiliguse na gundi ya viatu, litayeyuka kama masikio ya sungura wako.

"Na sponji laini kama hii," nikasema, "ina gundi yake, inayobaki laini hata ikikauka. Unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo unabana. Ukiweka ya viatu itashika, tena itashika kweli, ila pale kwenye kiungo patakuwa na mgongo mgumu kama ukucha. Mtu akikalia..."

Nikaishia hapo. Mwalimu akadhani nimesahau nilichotaka kusema.

Sikuwa nimesahau. Wiki tatu nyuma nilimtengenezea mama mkwe mto wa kukalia. Miguu yake imeisha nguvu, tunaishi naye, na kutwa nzima anakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Sikuwa na sponji nzima, nikaunga mabaki mawili katikati. Gundi laini ilibaki ya kazi moja tu, na kulikuwa na kochi la mteja mmoja mwenye mdomo mrefu. Kochi likapata gundi laini. Mama akapata kopo la gundi ya viatu. Nikajiambia kitambaa kitaficha, na kweli kilificha. Alipoukalia alinishukuru mpaka nikaona haya.

Asubuhi ya siku aliyokuja mwalimu, mke wangu alikuwa amemwogesha mama yake, akakuta kidonda pale anapokalia.

"Kirefu kama vidole viwili," aliniambia huku analia. "Ni mimi. Sikuwa namgeuza vya kutosha."

"Yeye mwenyewe hajawahi kusema?"

"Aseme kwa nani? Mimi ananificha nisihangaike. Na wewe ni mkwewe, sehemu yenyewe ndiyo hiyo. Atakwambia nini?"

Nikanywa chai. Kisha nikampa pole. Mimi, nikampa yeye pole.

Mwalimu alipoondoka na kopo la gundi laini, sikuweza tena kushika mkasi. Nikanunua sponji nzima, nikafunga karakana mchana kweupe, nikaenda nyumbani.

Nina desturi moja. Kabla ya kuingia chumbani kwa mama nakohoa mlangoni, ajiweke sawa, ndipo niingie. Siku hiyo nilikuwa nimekumbatia sponji kubwa kuliko mimi, na kichwa hakikuwa changu. Nikasahau kukohoa.

Nikamkuta amekalia shuka lililokunjwa. Mto wangu ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Akauvuta mto, akajiinua kwa mikono, akausukumia chini yake na kuukalia. Uso ukamkunjamana kidogo tu, kisha akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Mto wako umenifaa sana huu."

Wiki tatu nilikuwa nakohoa mlangoni kwa adabu. Wiki tatu alikuwa akisikia kikohozi changu, anaacha shuka lake na kurudi kwenye ule mgongo mgumu, ili nisijisikie vibaya.

Nikaweka sponji chini na kupiga magoti.

"Mama, inuka hapo. Nimekukosea. Niliweka gundi ya viatu, na nilikuwa najua."

"Gundi ni gundi, mwanangu," akasema, na hakuinuka.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akamwinua mama yake taratibu, akautoa mto, akaubonyeza katikati kwa kidole gumba. Akabonyeza tena, kama anahakikisha.

"Asubuhi nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitamani anitukane. Akanipa mto, akaenda kumtafutia mama yake dawa.

Mto mpya niliukata kwenye kipande kimoja, hauna kiungo wala tone la gundi. Kidonda kinafunga. Mke wangu anaongea nami vizuri tu, ila kila ninacholeta nyumbani, hata kiwe nini, anakibonyeza kwanza kwa kidole gumba.

Mama namuuliza kila siku kama mto uko sawa, na kila siku ananijibu kwamba umemfaa sana, kwa maneno yaleyale ya zamani.

Bado nakohoa mlangoni. Nikishakohoa nasimama kidogo, nasikiliza. Jana nilisikia kiti kikilia, na kitu kikiburutwa kutoka ukutani.