Mtutu Ulionyooka

Mzee Mukbil alimpiga Jubran risasi ya goti siku ya suluhu, mbele ya koo mbili zilizokuja kupatana. Kila mtu aliona nani amefyatua. Fundi Hizam peke yake, aliyesimama nyuma na mirungi shavuni, alijua kwamba kosa ni lake.

Ugomvi ulikuwa wa kisima. Bani Sarih, watu wa Mukbil, walisema ni chao. Bani Jahwar, watu wa Jubran, walisema hivyo hivyo. Kabla damu haijamwagika waliingia wote nyumbani kwa Sheikh Dhaifallah awapatanishe, na kila upande ukaweka bunduki moja mikononi mwake. Kwetu bunduki ya amana ni neno la mwanamume. Ukiitoa, umekwisha kusema: hukumu utakayokata nimeikubali. Mpatanishi huifungia ndani. Haitumii, haiazimishi, na siku ya suluhu huirudisha kama alivyoipokea.

Ya Mukbil ilikuwa Mjerumani, bunduki ya vita vya zamani, ya kukoki risasi moja moja, aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa na pete za fedha, na mtutu wake ulipinda kidogo tangu ngamia alipoilalia. Ilitupa risasi kushoto na bonde zima lilijua.

"Bunduki ya Mukbil ni kama mkewe," watu walimtania. "Ukimwambia kulia, yeye kushoto."

"Nimeshawazoea wote wawili," mzee alijibu. "Nyinyi inawawasha nini?"

Alikuwa akilenga dhiraa moja kuliani kwa jiwe, na jiwe linapasuka.

Mvua zilipokuja, paa la chumba cha amana likavuja. Tangu mwaka uliotangulia Sheikh alikuwa akisema ataliziba. Bunduki ya Bani Jahwar ilikuwa imetundikwa ukutani, haikupata hata tone. Ile ya Mukbil aliikuta imelala dimbwini ndani ya kitambaa chake. Akaificha chini ya joho, akaenda nayo kwa Hizam.

"Fundi, utaweza kuisafisha?"

Hizam akachungulia ndani ya mtutu. "Sheikh, hapa hakuna cha kusafisha. Kutu imekula mifereji yote ya risasi. Hili ni bomba la moshi."

"Basi weka mtutu mwingine. Ifanane. Mzee asijue."

"Si umwambie tu? Mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu, paa ni langu. Mpatanishi aliyeozesha amana, nani atamletea nyingine? Ifanane, Hizam."

"Itafanana."

Hizam alikuwa na Mjerumani mwingine, mbovu wa kitako lakini mzima wa mtutu. Akaibana bunduki ya mzee kwenye jiriwa, akaimwagia mafuta, akausokota mtutu mpaka ukalia na kuachia. Akaufunga ule mwingine, akapima na kupima tena hadi komeo likakaa sawasawa. Akahamisha pete za fedha. Akachonga pengo dogo mdomoni mwa mtutu kama lile la zamani, akapaka dawa ya weusi, kisha akaifuta hapa na pale ionekane imechakaa kwa viganja vya watu. Hata marehemu baba yake Mukbil angeapa ni ile ile.

Kitu kimoja hakukifanya. Aliubiringisha mtutu wa zamani juu ya kioo, akaona unavyoyumba, akacheka. Alikumbuka utani. Alijua mzee analenga wapi. Kuupinda ule mwingine kidogo ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Lakini mkono wake haukukubali kutoa kitu kilichopinda. Jina lake lote bondeni lilikuwa la kunyoosha. Akajiambia mzee atapiga mara moja, ataona imenyooka, atasema ni baraka ya nyumba ya Sheikh. Akaiacha hivyo.

Siku ya suluhu fahali alichinjwa, kisima kikagawanywa kwa zamu, bunduki zikarudishwa. Mukbil akaibusu yake. Kisha ikaja shabaha, kama desturi: jiwe jeupe juu ya mwamba ng'ambo ya korongo, na mtu wa upande wa pili karibu nalo ashuhudie. Bani Jahwar wakamtuma Jubran. Shahidi hujificha nyuma ya mwamba, lakini Jubran alikaa nje kabisa, kuliani kwa jiwe, mguu ameunyoosha.

"We Jubran, jifiche!" wenzake wakamwita.

"Kwa bunduki hii?" akapaza sauti. "Hakuna mahali salama duniani kama hapa kulia! Piga, mzee, nyama inapoa!"

Watu wakacheka. Hizam akafungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi: ngoja. Akamtazama Sheikh, Sheikh akatazama chini, na Hizam akafunga kinywa. Mukbil akalenga kulia, kama siku zote.

Baada ya mlio bunduki zote ziliinuliwa. Sheikh alitupa kilemba chake katikati ya koo mbili, na kwa heshima ya kilemba kile wakakubali kungoja mpaka Ijumaa. Lakini Bani Jahwar walishasema neno lao. Kumwaga damu siku ya amani ni aibu nyeusi, hulipwa mara kumi na moja. Wanataka kisima chote, na Mukbil ahame bonde.

Hizam akaenda kumwona mzee. Alimkuta ameketi, mshipi mtupu, jambia, heshima ya mwanamume, amewapa wanawe.

"Mzee wangu, umekula?"

"Nile nini. Hizam, wewe unaijua bunduki ile. Imeharibika?"

Hizam akatazama chai yake. "Ni nzima, mzee."

"Basi ni mimi." Mukbil akatikisa kichwa. "Nimekaa hapa nikafikiri. Yule kijana aliwahi kunitukana pale kisimani. Nilidhani nimemsamehe. Kumbe macho yalikuwa yanalenga jiwe, moyo unamlenga yeye."

Hizam akatoka bila kuaga. Akaenda moja kwa moja kwa Sheikh.

"Sema wewe, au nitasema mimi."

"Subiri hukumu ipite," Sheikh akamsihi. "Nitamlipia kila kitu kwa siri. Mifugo, shamba..."

"Anaamini ana moyo wa muuaji. Hilo utalilipa kwa ng'ombe gani?"

"Nilikuambia ifanane!"

"Uliniambia. Mimi nikajifanya fundi kuliko amri. Ndiyo maana siwezi kunyamaza."

Ijumaa, mbele ya koo zote, Sheikh hakusema. Hizam akaomba sinia ya kahawa, akaweka mtutu wa zamani juu yake, akausukuma kwa kidole. Ukabiringika ukiyumba kama mlevi. Kisha akaeleza yote: paa, kutu, mtutu wa pili, na neno lile fupi alilolimeza. Mukbil akainama, akapapasa pengo la mdomo wa mtutu.

"Huu ndio wangu," alisema. Akainua uso. "Kwa hiyo sikumlenga mtu?"

"Hukumlenga, mzee wangu."

Mzee akafunika uso kwa shali na kulia, na watu wa pande zote wakatazama pembeni.

Gharama yake ni hii. Sheikh Dhaifallah alitoa bunduki kumi na moja kwa ile moja aliyoiharibu. Mukbil alizirudisha kumi, akachukua moja, pamoja na mtutu wake mbovu usiopiga tena. Mafahali wawili walichinjwa mlangoni kwa Jubran, mmoja wa Sheikh, mmoja wa fundi. Paa limezibwa, lakini hakuna aliyeweka tena amana katika chumba kile, sasa hukaa vitunguu. Hizam alikatazwa kugusa bunduki bondeni, akauza jiriwa, hutengeneza pampu za maji. Kisima kilibaki cha zamu, na Mukbil hakuhama. Zamu ya Bani Jahwar ikifika, Hizam humchotea Jubran maji na kumpelekea mpaka mlangoni, na Jubran huyapokea bila kumsalimu. Jubran alikuwa na magoti mawili. Sasa ana moja.