Aliyeshonwa Ndani ya Sufi

Chumba cha kazi cha Mama Sufi hakikuwahi kuwa na hewa tupu. Sufi ilielea kila mahali, juu ya meza, ndani ya vikombe, kwenye kope za watu, na jua la asubuhi likipenya dirishani, ungedhani chumba chenyewe kimelala na kinaota. Wateja wakiingia walipunguza sauti bila kuambiwa. Mwenye chumba, fundi wa magodoro aliyerithi kazi kwa mama yake, alikuwa na mdomo usiopunguzwa na chochote. Lakini wiki ile alikuwa kimya, na ukimya wake ulimtisha kaka yake kuliko kelele zake za kila siku.

Sababu ilikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho. Kitinda alitaka kuwa askari.

Si kwamba alikamatwa. Alitaka mwenyewe, na hapo ndipo akili ya mama yake ilipokwama. Enzi za usichana wa mama huyo, lori la jeshi lilikuja bila honi. Askari waliziba mtaa huku na huku, na kijana yeyote aliyeanza kuota ndevu alipakiwa kama gunia. Watu waliita kamatakamata. Wengine walirudi, wengine mpaka leo. Siku zamu ya mtaa wao ilipofika, mama yao alimwingiza kaka yake ndani ya godoro, akalishona mdomo kwa mshono mpana wenye kuacha pumzi, kisha akaendelea na kazi huku akiimba kama mtu asiye na shida. Askari walichoma magodoro mawili kwa singe za bunduki zao, wakachoka, wakatoka. Kaka alifunguliwa akiwa mweupe kwa sufi na kwa hofu. Tangu siku hiyo, katika ukoo ule, mtoto wa kiume akizaliwa walipongezana kwa unyonge, na wa kike akizaliwa walishukuru Mungu. Mama Sufi alijaliwa mabinti watupu, akatamba mtaa mzima kwamba jeshi limemkosa.

Kumbe alitamba mapema. Sheria ilibadilika, kamatakamata ikafutwa, na lori likaanza kuja na muziki. Kwenye kuta yakabandikwa mabango yenye binti wa kofia anayecheka meno yote nje. Kipaza sauti kikapita kikisema hiari yashinda utumwa, anayetaka na aje, wa kike na wa kiume. Kitinda akataka. Alimwambia mama yake kwamba anataka kujifunza mitambo ya redio, anataka kuona milima, na anataka, walau mara moja maishani, kulalia godoro ambalo hakulishindilia yeye. Mama Sufi akamjibu kwamba wazimu hauna dawa. Wakanuniana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi huu sasa ulikuwa unapigiwa ngoma.

Siku ya lori ilifika, na kazini palikuwa na godoro kubwa la nyumba ya wageni. Godoro kama hilo mkono haufiki pembeni. Lazima mtu mwembamba aingie mzimamzima ndani ya mfuko wa godoro, kajifunga kitambaa puani, ashindilie sufi kwa miguu. Kitinda aliifanya kazi hiyo tangu utotoni, na alikuwa na kasoro moja iliyowachekesha wote. Akiwa humo ndani husinzia. Sufi humeza sauti, hukumbatia mwili, na joto lake halina haraka.

“Nashindilia pembe hizi, kisha nakwenda, Mama,” alisema. “Wanaondoka adhuhuri.”

Mama yake aliitikia kwa kichwa. Kitinda, ambaye usiku kucha furaha ilimnyima usingizi, akaingia. Mfuko ukacheza pembe ya kwanza, ukacheza ya pili, ukapoa. Mama Sufi aliita jina lake polepole. Godoro lilipumua tu, likipanda na kushuka.

Hakuwa amepanga. Lakini mkono wake ulinyanyua shazia, ile sindano nene ya magodoro, ukatia uzi wa katani, ukaanza kushona. Mshono mpana, wenye kuacha pumzi. Hakuna aliyemfundisha, aliuona mara moja tu akiwa msichana, na mkono haukusahau. Alishona kama mtu anayetembea usingizini, na moyo wake, kwa mara ya kwanza wiki ile, ulitulia.

Kaka yake alitokea uani na fimbo yake ya kupigia sufi. Aliuona mshono. Aliujua mshono ule kuliko mtu mwingine yeyote duniani, akaketi chini.

Papo hapo hodi ilibishwa mlangoni. Sajini aliingia, mwanamke, nguo zimenyooshwa pasi. Akawaamkia shikamoo wote wawili, akaomba maji ya kunywa. Mama Sufi alimpa, kisha akasimama kati yake na godoro. Alisubiri mtu yule aanze kupekua. Sajini alikunywa taratibu, akasema chumba hiki kinaleta usingizi, akainama akitaka kukaa juu ya godoro.

“Usikae hapo,” Mama Sufi alisema.

Sajini aliruka, akaomba radhi, akasema hakujua ni mali ya mteja. Radhi ile ilimvuruga Mama Sufi kuliko singe. Akamuuliza kama hawana mtu wa kumtafuta humu ndani.

“Hatumtafuti mtu, Mama,” sajini alijibu. “Anayetaka anakuja mwenyewe. Asiyekuja tunamwacha.”

Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Mama Sufi alibaki amesimama, amemzuia mtu ambaye hakutaka kupita.

“Mimi nilikaa mle bila kelele kwa sababu nilitaka kukaa,” kaka yake alisema hatimaye. “Mama aliniuliza, dada. Wale wako nje wanavunja milango, naye aliinama akaninong'oneza kama nataka. Nikaingia kwa miguu yangu. Huyu umemuuliza?”

Mtaani siku ile palikuwa na mkamataji mmoja tu, naye alikuwa ameshika shazia.

Nje muziki wa lori ulizimwa. Mama Sufi hakuhitaji kufanya kitu tena. Angekaa kimya kidogo tu, lori lingeondoka, mtoto angeamka angali wake, na wa kulaumiwa angekuwa usingizi. Alilitamani jambo hilo mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua mkasi, akakata mshono, akaingiza mkono kwenye joto lile mpaka akalishika bega.

“Amka, mwanangu. Wanaondoka.”

Kitinda alitoa kichwa, macho mazito, akauona uzi uliokatwa, akamwona mama yake na mkasi.

“Ulinishona, Mama?”

“Nilikushona. Mimi nataka ubaki, sina sababu nyingine. Sasa nakuuliza. Wewe unataka nini?”

Binti alimtazama mjomba wake, akatazama mlango, akatazama mikono ya mama yake. Kisha akasogea, akapiga magoti mbele yake na kuinamisha kichwa.

“Nitoe sufi kichwani,” alisema. “Siwezi kwenda kwao nikiwa kama kifaranga.”

Mama Sufi alianza kuzitoa nyuzi zile za sufi moja moja, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Lori lilipowashwa, vidole vyake vikaongeza mwendo.