Pazia la Bi Shaima

Bi Shaima aliacha kunywa maji. Kiu alikuwa nayo, midomo imempasuka, lakini alishafikiri peke yake akamaliza: asipokunywa hatojikojolea, na asipojikojolea Borafya hatokuja kumvua nguo.

Borafya hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee iliyo nje ya mji, ukishapita Mwanakwerekwe, na adabu zake alikuwa nazo; akimkosha bibi hugeuza uso. Lakini ni mwanamume. Mhudumu wa mwisho wa kike aliolewa akahamia Pemba, na nafasi yake haikujazwa. Bi Shaima, tangu alipovunja ungo, nywele zake hazikupata kuonwa na mwanamume asiye maharimu yake. Sasa kiharusi kimemlaza, kilichobaki ni ulimi, na mtoto wa watu anamvua kanga mchana kweupe.

"Niletee mwanamke, Ulfat," alimwambia mtoto wa kaka yake. "Au niache nikauke."

Ulfat ndiye aliyempeleka pale. Mvua za mwaka wa tisini na saba ziliangusha ngazi na nusu ya paa la nyumba yao ya Malindi, naye akaishia chumba cha kupanga Ng'ambo, yeye na wanawe, akishona nguo za watu kutwa. Majirani walimsema kamtupa shangazi yake. Alinyamaza, maana roho yake nayo ilikuwa ikimwambia hivyo hivyo. Lakini hili la Borafya hakuweza kulinyamazia. Akavaa buibui lake, akenda ofisi ya baraza lililokuwa likiendesha nyumba ile.

Na wallahi alisikilizwa. Kamati ikaundwa, ikenda, ikauliza, ikarudi. Bwana Azzan, mwenyekiti, akamwita ofisini, akamkalisha kitini, akamtilia chai kwa mkono wake.

"Dada yangu, lalamiko lako tumelikubali. Bibi kakosewa, na sisi tunaomba radhi."

"Ahsante. Huyo mwanamke anakuja lini?"

"Marekebisho yameanza. Nafasi ya mhudumu wa kike tutaiomba kwenye bajeti ijayo. Kwa sasa tunatia pazia."

"Pazia la kazi gani, na atakayeingia ndani ni Borafya yule yule?"

Bwana Azzan akacheka taratibu. "Subira, dada. Mambo haya yana njia zake."

Rahisi kuisema subira, kwa mtu anayejikosha mwenyewe.

Pazia likaja, la maua, zuri kweli. Wakubwa wakaja kulitazama na kupigwa picha mbele yake. Wahudumu wakapewa mafunzo ya heshima, na Borafya akafundishwa kugeuza uso. Bi Mwanakheir, mpishi wa pale, mwanamke wa Kitumbatu, akawapikia wageni pilau. Wakala, wakasifu, wakenda zao. Kitandani, nyuma ya maua yale, Bi Shaima akafumba mdomo.

Siku alizopata nafasi ya kukaa, Ulfat alimkosha kwa mkono wake, na siku hizo bibi alikunywa mpaka akatosheka. Siku alizopita mara moja tu, cherehani ikimngoja, ilikuwa vita.

"Funda moja tu, shangazi."

"Mhudumu kaja?"

"Bado."

"Basi na mie bado."

Daktari akasema figo zimechoka. Bajeti ilikuwa bado inajadiliwa.

Alikufa Jumatano asubuhi. Ulfat alipofika, Bwana Talal, msimamizi wa nyumba, alikuwa kasimama ukumbini, na Borafya kashika ndoo mlangoni.

"Weka hiyo ndoo, usiingie," Talal alimwambia Borafya. "Maiti ya mwanamke hii, huna ruhusa ya kuigusa. Kamwite Bi Mwanakheir jikoni, aache chungu chake aje amsaidie Bi Ulfat. Upesi."

Na upesi ikawa. Bi Mwanakheir akaja akijifuta tui mikononi, akajifunga kanga kiunoni, akaulizia maji na karafuu maiti. Hapana kamati iliyokaa.

Ulfat alimtazama mwanamke yule. Siku zote alikuwepo, ukuta mmoja tu kati yake na kitanda.

"Bi Mwanakheir, ungeombwa umkoshe yu hai, ungekataa?"

"Nikatae nini, mwanangu? Hakuna aliyeniomba. Mie nliambiwa kazi yangu jiko."

Ulfat akakunja mikono ya buibui lake. Hata yeye hakumwomba. Kila alipokuja alipita mlango wa jiko, akatoa shikamoo, akapokea marahaba, akenda kuwalaumu wakubwa kwamba nyumba nzima haina mwanamke.

"Pazia lipo, dada," Bwana Talal akasema kwa upole. "Lifungeni, bibi asitirike."

Ulfat akalifunga. Akainua kata, akammiminia shangazi yake maji usoni, juu ya ile midomo iliyopasuka, na safari hii Bi Shaima hakuyakataa.