Picha ya Mume Aliyerudi

"Picha haikutisha kwa sababu ilikuwa mbaya, Mama Edith. Usimsingizie mtu," nikamwambia Rispa.

"Iliharibika Awino alipoingia," Rispa akasema, akisukuma mtungi wake mbele kwenye laini ya mfereji. "Homa Bay watu walizirai. Si ni wewe ulituambia? Huku Suna tukacheka. Na mkanda ni ule ule."

Kweli ni mimi niliyesema. Nilikuwa nimeenda Homa Bay kununua omena, nikapita mbele ya ukumbi wa video, nikasikia nduru ndani. Sikuingia. Hadithi niliisoma kwenye ubao wa mlangoni: mume anakufa, anazikwa, kisha anarudi kubisha kwa mkewe. Lakini nilipofika mferejini maneno yangu tayari yalikuwa na mwanamume aliyezirai, na nilipofika kwangu ninakouza chakula, ambapo hapakosi watu kumi wanaongoja ugali, kulikuwa pia na mama aliyejifungua kabla ya siku zake. Barnabas, mwenye ukumbi wetu wa video, akaenda mbio kuutafuta mkanda.

Awino alisikia yote akiwa nje ya mlango wangu. Nje, kwa sababu Fanuel wake alikufa mwezi wa tatu, na mjane wa Kijaluo aliye katika chola haingii nyumba ya mtu wala hali humo mpaka wakwe waje kumtoa msibani. Wakwe walikuwa huko Homa Bay. Mwezi wa kumi ulikuwa umefika na hawajatokea. Mimi ni Mgusii, chola si yangu, lakini wanaokula kwangu wengi ni Wajaluo. Basi miezi saba nilimpa sahani yake nje, akala kwenye kigoda akiangalia barabara.

Jumapili baada ya kanisa ukumbi ulijaa. Barnabas alikuwa ameziba madirisha kwa magunia. Awino aliingia wa mwisho, akakaa karibu na mlango. Rispa akanifinya paja. Barnabas alimwona, akamwacha; nadhani alijiambia ukumbi si nyumba ya mtu.

Mwanzoni tulishikana mikono, kweli. Kisha maiti akafika mlangoni, matope usoni, akabisha mara tatu. Mke amejibana nyuma ya kabati, hapumui. Mokaya wa baiskeli, mtu mzima na ndevu zake, alijifunika uso kwa kofia. Na katika kimya hicho tukasikia sauti ya Awino, ya kawaida tu, kama anaongea na mtu jikoni.

"Mfungulie."

Akaongeza: "Si ni bwana yako. Mfungulie, ametoka mbali."

Mtu mmoja akacheka. Kisha ukumbi mzima. Nilicheka pia, na hilo nalo niliseme. Baada ya hapo woga haukurudi tena. Tukaona matope ni rangi, tukaona shingoni pale sura ya bandia ilipoishia. Watu wakatoka wakinung'unika, Awino akabaki anaangalia kioo kilichozimwa.

Sasa Rispa akainamisha kichwa kwangu pale mferejini. "Barnabas anasema Awino ahame chumba anachokodi kwenye ploti yake kabla ya Jumamosi. Ukumbi wenye chola nani ataingia?"

"Hakuna aliyezirai," nikasema.

"Wapi?"

"Homa Bay. Nilisikia nduru tu. Labda walikuwa wanaangalia mpira." Nilisema kwa sauti, laini nzima isikie, maana najua maneno ya mferejini yanavyotembea.

"Na yule mama aliyejifungua?"

"Huyo nilimzalisha mimi."

Wanawake wakacheka. Rispa hakucheka. Alijaza mtungi wake polepole. "Hata hivyo Awino aliingia," akasema.

Saa saba Awino alikuwa kwenye kigoda chake. Nilichuchumaa karibu naye na mwiko mkononi.

"Kwani ulienda kutafuta nini kule, dada?"

"Ulisema anarudi." Alikuwa anavuta uzi kwenye leso. "Nilijua si kweli. Na yule hakufanana na mtu aliyekufa hata kidogo. Fanuel nilimwosha mimi, ndugu zake waliogopa kumshika. Nilitaka tu nione mtu akifika." Akaukata uzi. "Lakini hata kwa picha walimfungia."

Niliingia ndani. Watu walijaa mezani kama kawaida. Barnabas naye alikuwepo, ana samaki wake.

"Nimesikia maneno yako ya mferejini," akaniambia. "Mama Wesley, umeniponza."

"Nimekuponza. Usimtoe huyo mtu kwa ajili ya mdomo wangu."

Akaendelea kuchambua samaki wake. Nikatoka, nikamwinua Awino kwa mkono, nikachukua kigoda, nikakileta mezani, kati ya Barnabas na ukuta. Mokaya akatazama kigoda, akatazama mlango. Ugali wake ulikuwa bado nusu, lakini akanawa, akatoka bila kuniangalia. Mwingine akamfuata.

Barnabas akarudisha tonge kwenye sahani. Kisha akavuta sahani yake upande, nafasi ikatosha sahani ya pili.

Nikarudi mlangoni. Awino alikuwa amesimama pale nilipomwacha, vidole vya miguu kwenye kizingiti, havijavuka. Nikausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Ingia, Awino," nikasema. "Ingia tule."